Pampu ya petroli imenyamaza? Pima umeme kabla ya kununua nyingine

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wenye magari hapa Shanzu ni hili: "Shekhe, stata yazunguka lakini gari haliwaki. Fundi asema pampu imekufa. Ninunue?" Nami huuliza: amepima nini? Mara nyingi jawabu ni kwamba hajapima kitu. Ametega sikio, hakusikia mngurumo, akahukumu.

Nilisomea stashahada ya ufundi wa magari, na kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu kubwa imekuwa waya. Nilichojifunza ni kwamba pampu iliyonyamaza si lazima iwe imekufa. Huenda umeme haujaifikia, au umeifikia ukiwa umepungua, au umekosa njia ya kurudi. Ukitia pampu mpya juu ya ugonjwa uleule, nayo itanyamaza, siku hiyo hiyo au mwezi ujao. Mwenye gari atakuwa ametoa pesa mara mbili na gari liko palepale chini ya mwembe.

Huku pwani jambo hili lina uzito zaidi. Hewa ya bahari ina chumvi, na usiku unyevu wake hutua juu ya bati na waya. Wengi wetu twaosha magari kwa maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi. Kuna na magari yanayobeba samaki, maji ya barafu yakivuja hadi chini ya kapeti. Shaba ikipata chumvi na unyevu hufanya kutu ya kijani, na kutu hiyo haipitishi umeme vizuri.

Makala haya nimeyapanga kwa hatua. Yahifadhi kwenye simu yako, na siku gari likigoma, fuata hatua hizi moja baada ya moja. Yanahusu magari ya petroli yanayoendeshwa na kompyuta, kama vile Probox, Vitz, Fielder, Hiace za petroli, Nissan na Honda. Hayahusu magari ya dizeli, wala tuktuk na bodaboda za kabureta.

Umeme unavyofika kwenye pampu

Kwanza elewa njia yenyewe. Umeme hutoka betri, hupita fyuzi kubwa, kisha relei kuu ya injini, kisha relei ya pampu. Kutoka hapo waya mrefu huenda nyuma hadi kwenye tangi, ambapo kuna soketi. Pampu yenyewe imo ndani ya tangi, imezama katika petroli. Baada ya kuizungusha, umeme hurudi kupitia waya wa athi, ule unaofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na bodi huurudisha kwenye betri.

Relei ni swichi inayofungwa na sumaku. Kompyuta ya gari haipitishi mkondo mkubwa wa pampu. Kazi yake ni kuiamuru relei ifunge. Ukifungua ufunguo, magari mengi huizungusha pampu kwa sekunde mbili hivi kisha huizima. Ukipiga stata, kompyuta ikiona injini inazunguka, huiwasha tena. Injini ikizima, pampu nayo huzimwa. Hiyo ni kinga: gari likipata ajali na injini kufa, petroli isiendelee kumwagwa.

Zingatia jambo moja. Baadhi ya Toyota hazizungushi pampu unapofungua ufunguo, hungoja hadi stata izunguke. Kwa hivyo kutosikia mngurumo ufunguo ukiwa wazi si ushahidi kamili. Mwambie mwenzako apige stata huku wewe umetega sikio kwenye mdomo wa tangi.

Usalama kwanza

Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu la Februari. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, ndani ya shimo la gereji au chini ya gari. Cheche moja ndogo ya waya yatosha.

Fanya kazi mahali penye upepo. Pasiwe na sigara, jiko wala mashine ya kuchomea vyuma karibu. Weka kizimamoto cha unga mkononi, kwa maana maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza. Ukitaka kufungua pampu au bomba, kwanza toa fyuzi ya pampu, piga stata hadi injini ife ili mgandamizo upungue, kisha toa waya wa athi wa betri. Usigusishe waya moja kwa moja juu ya tangi lililo wazi. Nimewaona vijana wakiitoa pampu na kuijaribu hewani, juu ya tangi lililo wazi, kwa waya mbili kutoka betri. Wenye kufanya hivyo wameponea kwa rehema za Mungu tu.

Vifaa vya kupimia ni vichache: mita ya umeme ya kawaida, taa ya testa, taa kuukuu ya mbele ya gari yenye wati 55, na waya mfupi uliotiwa fyuzi yake ya ampea 15. Vyote hivi bei yake ni ndogo ukilinganisha na pampu.

Hakikisha ugonjwa ni wa pampu

Kabla ya kugusa kitu, thibitisha mambo manne. Je, petroli imo? Geji hudanganya, tia lita mbili tatu. Je, betri ina nguvu? Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa, na wakati wa stata isishuke chini ya volti 10 hivi. Je, plagi zatoa cheche? Zikiwa hazitoi, huenda kompyuta yenyewe haipati habari kwamba injini inazunguka, na pampu haina kosa.

La nne ni taa ya injini kwenye dashibodi. Ukifungua ufunguo, lazima iwake. Isipowaka, na glopu yake ni nzima, basi kompyuta haina umeme. Anzia kwenye fyuzi na relei kuu ya injini, si kwenye pampu. Tazama pia taa ya kizuia wizi, ile yenye alama ya ufunguo au kufuli. Ikibaki inametameta, ufunguo haujatambuliwa, na hapo gari limekataa kwa makusudi.

Hatua ya 1: Fyuzi

Fyuzi usiitazame kwa macho peke yake. Ufa mwembamba hauonekani. Fungua ufunguo, kisha gusa testa kwenye vile vidoa viwili vya chuma juu ya mgongo wa fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima na ina umeme. Ikiwaka upande mmoja, imekatika. Isipowaka kote, umeme haujafika hapo, rudi nyuma utafute.

Fyuzi ikiwa imeungua, tia nyingine ya ampea zile zile. Kutia ya ampea 30 mahali pa 15, au kuzungusha kipande cha waya, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi na kuupeleka kwenye waya ulio chini ya kiti cha watoto wako.

Mpya nayo ikiungua papo hapo, kuna shoti. Chomoa soketi ya pampu kule nyuma, kisha badala ya fyuzi unganisha ile taa ya wati 55. Taa ikiwaka kwa nguvu na pampu imechomolewa, shoti iko kwenye waya kati ya mbele na nyuma. Tingisha waya kipande kwa kipande. Ukigusa mahali na taa ikazima au kufifia, umepafikia. Taa isipowaka pampu ikiwa imechomolewa, basi shoti imo ndani ya tangi, kwenye pampu au kwenye waya zake fupi. Njia hii hukuokoa usichome fyuzi kumi ukitafuta.

Hatua ya 2: Relei

Katika Toyota nyingi relei ya pampu huwa kwenye sanduku la fyuzi, chini ya dashibodi au upande wa injini. Ina miguu minne au zaidi. Miwili ni ya sumaku, miwili ni ya kupitisha mkondo wa pampu. Relei nyingi zimeandikwa 85 na 86 kwa sumaku, 30 kwa umeme unaoingia na 87 kwa unaotoka. Toyota hutumia 1 na 2 kwa sumaku, 3 na 5 kwa mkondo.

Watu husema, "Nimeisikia ikigonga, basi ni nzima." Hapana. Mgongo huo wathibitisha sumaku imevuta. Haukwambii kama ncha za ndani zimeungua. Njia rahisi ni kubadilisha na relei nyingine ya gari hilo hilo yenye namba na miguu sawa, mara nyingi ya honi. Gari likiwaka, umepata jawabu.

Njia ya pili ni kuitoa relei na kuunganisha tundu la 30 na la 87 kwa ule waya wako wenye fyuzi. Pampu ikizunguka, basi kuanzia hapo hadi nyuma njia iko, na kosa ni relei au amri inayoiendesha. Isipozunguka, kosa liko mbele yako, kwenye waya, athi au pampu. Kwa kitendo kimoja umegawa kazi nusu kwa nusu.

Kuna ugonjwa mmoja ambao wenye Honda za miaka ya 1990 wanaujua. Relei yao kuu hupata ufa kwenye risasi ya ndani. Asubuhi gari huwaka. Mchana likiegeshwa juani, risasi hutanuka, ufa hufunguka, gari hugoma. Jioni likipoa huwaka tena, na watu wasema gari lina jini. Fungua relei, pasha upya risasi kwa chuma cha kulehemu, na jini atahama.

Hatua ya 3: Pima volti pampu ikiwa kazini

Ukisoma hatua moja peke yake katika makala haya, isome hii.

Fundi huchomoa soketi ya pampu, huweka mita, husoma volti 12, kisha husema, "Umeme upo, pampu ni mbovu." Kipimo hicho hakitoshi. Mita haivuti mkondo wowote wa maana. Waya wenye nyuzi 20 ukibaki na uzi mmoja uliooza nusu, mita bado itasoma 12. Ni kama mpira wa maji uliozibwa kwa kidole: mgandamizo wajaa nyuma ya kidole, lakini ndoo haijai.

Pampu huvuta mkondo, kwa kawaida kati ya ampea 4 na 8. Fanya hesabu ndogo. Kutu kwenye soketi ikileta ukinzani wa nusu omu, na pampu ikivuta ampea 5, hapo zimepotea volti 2 na nusu. Betri ina 12.5, pampu yapata 10. Zile volti zilizopotea zimegeuka joto la zaidi ya wati 12 ndani ya kisoketi kidogo cha plastiki. Ndiyo maana ukikuta soketi imeyeyuka au imegeuka rangi ya kahawia, usiilaumu pampu kabla ya kuitengeneza soketi.

Kwa hivyo pima soketi ikiwa imechomekwa na pampu ikiwa imeamriwa kuzunguka. Ingiza ncha nyembamba za mita kwa nyuma ya soketi, moja kwenye waya wa umeme, nyingine kwenye waya wa athi. Magari mengi madogo yana kifuniko chini ya kiti cha nyuma kinachokufikisha kwenye soketi hiyo. Mengine hayana, itabidi ufuate waya chini au kushusha tangi. Volti utakazosoma zisiwe pungufu ya zile za betri kwa zaidi ya moja. Zikipungua zaidi, usinunue pampu. Tafuta zinakopotelea.

Kutafuta ni hivi. Weka mita ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa pampu, pampu ikizunguka. Inachosoma ndicho kilichopotea njiani kwenda, na kisizidi nusu volti hivi. Kisha weka ncha moja kwenye waya wa athi wa pampu na nyingine kwenye hasi ya betri. Hicho ndicho kilichopotea njiani kurudi, na kisizidi 0.2 hivi. Waya wa mita ukiwa mfupi, uongeze kwa kipande chochote, hautaharibu kipimo.

Huna uhakika na mita? Chomoa soketi ya pampu, unganisha taa ya wati 55 kwa waya mrefu ulioitoa nje ya gari, mbali na tangi. Taa hiyo huvuta ampea 4.6 hivi, karibu sawa na pampu. Ikiwaka nyeupe na kali, njia ni nzima. Ikiwaka njano kama kibatari, njia ina ugonjwa.

Tahadhari moja: baadhi ya magari, hasa ya injini kubwa, yana kiboksi kinachopunguza kasi ya pampu injini ikiwa tuli. Kwa hayo volti huwa chini kwa makusudi. Yapime stata ikizunguka au injini ikiwa na mzigo.

Hatua ya 4: Athi

Kwa magari yetu ya Shanzu, Bamburi, Mtwapa na Likoni, hapa ndipo ninapokuta kosa mara nyingi. Bolti ya athi ya pampu hukaa kwenye bati, chini ya kapeti au ubavuni mwa buti, mahali ambapo unyevu hukaa na hakuna anayeangalia.

Nitatoa mfano. Kijana mmoja wa Mtwapa anayebeba samaki kwa Probox alikuwa ameshanunua pampu mbili. Gari lilikuwa likiwaka, kisha laishiwa nguvu mlimani na kuzima. Nilipima: betri 12.2 pampu ikizunguka, soketi ikichomolewa volti 12 kamili. Kipimo cha kawaida kingesema mambo ni sawa. Nilipoichomeka soketi, pampu ilipata 7.8. Njiani kwenda zilipotea 0.3 tu. Njiani kurudi zilipotea 4.1. Tuliinua kapeti, tukakuta bolti ya athi imevaa kutu ya kijani na bati la chini yake limeanza kuwa unga. Tiba ilikuwa msasa, kichwa kipya cha waya na bolti mpya. Zile pampu mbili alizonunua, ya kwanza iliyotoka na gari, zote tatu tulizijaribu na zilikuwa nzima.

Kutengeneza athi vizuri ni hivi. Kata waya hadi ufikie shaba nyekundu inayong'aa. Ukikata na ndani bado ni nyeusi au kijani, endelea kukata, kwa sababu kutu hupanda ndani ya ganda la waya. Bana kichwa kipya kwa koleo au lehemu. Paka msasa bati mpaka liwe jeupe, funga bolti na wosha yenye meno, kisha ndipo upake grisi au rangi juu. Ukipaka rangi kabla ya kufunga umeziba njia. Kusokota waya mbili kwa mkono na kuzungusha selotepu kwaweza kudumu Nakuru. Hapa pwani ni kazi ya msimu mmoja.

Hatua ya 5: Waya za ziada

Gari la kiwandani lina waya zake zilizopangwa. Kisha sisi twaongeza alamu, traka ya kampuni ya mkopo, na kwa matatu, kidhibiti mwendo. Vingi vya vifaa hivi hufanya kazi kwa kuukata waya wa pampu na kupachika relei yao katikati. Relei hiyo ikiungua, au muungo wake ukiota kutu, gari litazima bila kompyuta kuandika kosa lolote.

Tazama chini ya usukani na kando ya sanduku la fyuzi. Waya wenye selotepu ya dukani, rangi isiyofanana na zingine, au kisanduku cheusi kilichoning'inia, ndio mahali pa kuanzia. Pima volti kabla na baada ya relei hiyo, pampu ikizunguka. Tofauti ikizidi 0.2, ugonjwa upo.

Lakini kuna adabu yake. Kidhibiti mwendo cha matatu ni sharti la kisheria tangu kanuni za mwaka 2003 zilizoletwa na aliyekuwa waziri John Michuki, na kasi yake ni kilomita 80 kwa saa. Kukipita kwa dakika tano ili kupima ni sawa, gari likiwa limesimama. Kukitoa na kumwachia dereva barabara ya Malindi ni kosa la sheria na ni kucheza na roho za abiria. Kikiwa kibovu, kirudishwe kwa fundi aliyeidhinishwa. Traka nayo, kama gari lina mkopo, soma mkataba wako kabla ya kukata waya, usije ukaitwa mwizi wa gari lako mwenyewe.

Hatua ya 6: Amri ya kompyuta

Relei ni nzima, waya ni mzima, lakini relei haivuti. Pima miguu ya sumaku kwenye tundu. Mguu mmoja uwe na volti 12 ufunguo ukiwa wazi au stata ikizunguka. Mguu wa pili kompyuta huushusha hadi karibu sifuri stata inapozunguka. Hapa tumia mita, si taa ya testa ya glopu, kwa kuwa glopu yaweza kuvuta mkondo kupita uwezo wa kompyuta.

Kompyuta ikikataa kutoa amri, mara nyingi ni kwa sababu haioni injini ikizunguka. Unganisha mashine ya kusomea kompyuta, piga stata, utazame mizunguko ya injini. Ikisoma sifuri huku injini yazunguka, chunguza sensa ya krenki na soketi yake. Kodi P0335 huelekeza kwenye sensa hiyo. Kodi P0230 huelekeza kwenye njia ya umeme ya relei ya pampu. Kodi hukuelekeza mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe kwa mita.

Baadhi ya Ford, Mazda na Land Rover zina swichi ya ajali inayokata pampu gari likigongwa. Shimo kubwa la barabarani laweza kuirusha. Huwa na kitufe juu, kibonyeze kirudi. Kabla ya kukibonyeza, hakikisha hakuna petroli inayovuja.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo uihukumu pampu

Volti kamili zimefika, athi ni nzima, na pampu iko kimya. Hapo ndipo ninasema imekufa. Ukigonga chini ya tangi kwa nyundo ya mpira na pampu ikaamka, kaboni zake zimekwisha. Itakufikisha nyumbani, isikufikishe Malindi. Ukipima ukinzani wake, pampu nyingi za Toyota husoma kati ya omu 0.2 na 3. Mita ikionyesha njia imekatika kabisa, hakuna mjadala.

Ikiwa pampu yazunguka lakini gari halina nguvu, funga geji ya mgandamizo. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Probox na Fielder nyingi, yataka kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50 hivi. Pungufu ya hapo, angalia chujio kwanza, kisha pampu.

Na jua sababu moja inayoua pampu nzima. Petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Mtu anayetia mafuta ya shilingi mia mbili asubuhi na mia mbili jioni, taa ya mafuta ikiwaka wiki nzima, anaichoma pampu polepole. Jitahidi tangi lisishuke chini ya robo.

Kabla hujalipa

Mwenye gari, huna haja ya kuwa fundi. Muulize fundi wako maswali manne. Pampu ilipata volti ngapi ikiwa imechomekwa na kuzunguka? Athi ilipoteza volti ngapi? Relei ulijaribu na nyingine? Kuna waya wa ziada uliokata njia ya pampu? Fundi aliyepima atakujibu kwa namba. Fundi ambaye hakupima atakasirika. Pampu ya zamani nayo irudishwe mkononi mwako, ni mali yako.

Nanyi mafundi wenzangu, pampu haina faida kubwa kwetu kama jina zuri. Kumuuzia mtu kitu asichokihitaji ni ghushi, na riziki yake haina baraka. Weka daftari, andika namba ya gari, volti ulizosoma na ulichotengeneza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hivyo ndivyo hupotea ujuzi wa gereji pia. Gari likirudi baada ya miezi sita, utajua uanzie wapi.

Inshallah, makala yajayo yatahusu alternata isiyochaji. Ukiwa na swali kuhusu haya ya leo, lilete pamoja na volti ulizosoma.